Uongo Njoo, Utamu Kolea: Maswali ya Wanaotaka Kuwaandikia Watoto Hadithi

Kila Jumamosi baada ya alasiri tunatandika mikeka chini ya mkorosho hapa Mikindani, Mtwara, na watoto wa mtaa wanakuja kusomewa hadithi. Nyingi zimeandikwa na watu wa huku huku: walimu wa darasa la awali, mama lishe mmoja, kijana wa bodaboda, wazazi waliochoka kununua vitabu ambavyo kila mtoto ndani yake anavaa koti la baridi. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza tukishaanza kukunja mikeka. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na nimeandika hadithi ambazo watoto walizidai tena na nyingine ambazo waliniachia mkeka mtupu. Majibu ni yangu. Asiyekubaliana nayo aje tubishane.

Mwalimu, kumwambia mtoto mambo ambayo hayapo si kumfundisha uongo?

Swali hili huletwa na kina baba zaidi, tena baba ambaye mwenyewe alilala kwa ngano za Sungura na Fisi. Wazee walilimaliza kabla hadithi haijaanza. Msimulizi akiita "Hadithi! Hadithi!", wasikilizaji hujibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo umeitwa kwa jina lake, hadharani, na umepewa sharti la kuja na utamu. Hakuna tapeli anayeanza hivyo. Mtoto wa miaka minne anaielewa hiyo hodi vizuri. Msimulie jinsi Fisi alivyokula mwezi, kisha muulize usiku ule ule kama mwezi upo. Atakuonyesha kwa kidole na kukushangaa wewe.

Sina wazo lolote. Nianzie wapi?

Anzia chini ya miguu yako. Watu wengi wakiambiwa "buni" wanapaa moja kwa moja hadi kwenye majumba ya kifalme na mabinti wa mfalme, na huko hawajui hata mlango unafunguka upande gani. Wewe umekaa Mtwara. Okota bibo.

Litazame kama vile hujawahi kuliona. Tunda lile jekundu, laini, lenye maji, halina mbegu ndani. Mbegu inaning'inia nje, chini yake, imejikunja kama figo. Wataalamu wa mimea watakwambia bibo ni kikonyo kilichovimba tu, na tunda lenyewe hasa ni ile korosho. Mtoto hana haja ya hilo. Mtoto anauliza: kwa nini korosho iko nje? Alimkosea nani? Siku moja niliwauliza watoto kumi na wawili mkekani swali hilo nikapata majibu tisa. Mmoja alisema korosho alitoka kuchungulia mvua, mlango ukajifunga. Mwingine akasema alifukuzwa kwa sababu anaunguza wenzake, na hapo ujue mtoto huyo ameshawahi kung'ata korosho mbichi, mafuta ya ganda yakamchubua mdomo. Hizo ni hadithi mbili tayari, na zote zimeanza na kitu ambacho kila mtoto wa kusini amekishika kwa mkono.

Na mambo makubwa je? Huku kwetu hakuna mazimwi ya kuandikia?

Nenda Lindi, uulize habari za Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua pale mifupa ya mijusi wakubwa walioishi kabla binadamu hajawako. Waliochimba walikuwa watu wa nchi hii, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mifupa hiyo vichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mnazi mrefu utamtazama kwa kushusha macho.

Hiyo ni historia, na kwa wakubwa ina uchungu wake. Kwa mtoto, uliza swali moja dogo: mifupa ilipanda meli, kivuli je? Kivuli cha mjusi kimebaki Tendaguru. Jua likiwaka kinajitandaza kwenye shamba la ufuta, wakulima wanapata ubaridi wasijue umetoka wapi. Kinatafuta kitu kirefu cha kukaa nyuma yake. Kimejaribu twiga, kikamwagika pembeni. Hadithi hii bado sijaimaliza, kwa hiyo anayeitaka aichukue.

Kuna na silikanti, samaki ambaye dunia nzima iliamini alishatoweka zamani za mijusi wakubwa, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kilwa nao walianza kumtoa kwenye nyavu zao mwaka 2003. Na kule msitu wa Rondo kuna komba mdogo kuliko karibu komba wote duniani, mwenye macho yaliyomjaa uso. Tusiseme hatuna.

Nikibuni, naweza kubuni chochote?

Hapa ndipo hadithi nyingi ninazoletewa zinapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwandishi mpya akishapewa ruhusa ya kudanganya hulewa. Ukurasa wa kwanza mbuzi anaruka angani. Wa pili anageuka samaki. Wa tatu anapata pete ya ajabu, wa nne pete inaongea, wa tano wote wako mwezini. Watoto wanaanza kuchimba mchanga kwa vidole. Tatizo si kwamba ni ajabu mno. Kama lolote linaweza kutokea, hakuna la kuogopa wala la kungojea. Mbuzi akikwama tutajua pete itamtoa.

Mimi nashika kanuni ya uongo mmoja. Unachagua uongo mmoja mkubwa, unauweka mapema, kisha kila kitu kingine kinakuwa kweli tupu, tena kweli ngumu. Chukua hadithi ya pweza aliyetaka kandambili. Uongo ni huo tu: pweza ametoka baharini kuja dukani Mikindani. Sasa hesabu zianze. Ana mikono minane, kwa hiyo anahitaji jozi nne. Muuza duka ana jozi tatu za saizi moja. Pweza hana mfupa hata mmoja, kandambili zinamvuka kila akipiga hatua. Ana mioyo mitatu, kwa hiyo akiingiwa na hofu inapiga yote, du-du-du, du-du-du. Na maji yamekupwa: njia ya kurudi nyumbani inazidi kurefuka, mwamba uko wazi, na ni bamvua, kina mama wameshashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Hakuna hata kimoja hapo nilichokibuni. Ndiyo maana mtoto wa pwani anashika pumzi: anamjua yule mama mwenye kijiti, ni shangazi yake.

Mwisho wa hadithi lazima utoke ndani ya vitu ulivyokwisha kuvitaja. Pweza wangu aliokolewa na wino wake. Ilibidi nirudi ukurasa wa pili nikaweke tone la wino kwenye noti aliyomlipa muuza duka, ili mtoto akifika mwisho aseme "Aaa! Kumbe!" badala ya "Umetoka wapi?"

Hadithi iwe na maneno mangapi?

Kwa Kiswahili kuhesabu maneno kunadanganya. "Walipokuwa wakimtafutia" ni maneno mawili, lakini ni silabi kumi na mbili, na ndani yake kuna watu, wakati, na yule anayetafutiwa. Mtoto anayejifunza kusoma akifika katikati ameshasahau alikoanzia. "Walimtafuta. Hayupo." Silabi tisa, sentensi mbili, na moyo umeshaanza kwenda mbio.

Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanaosomewa, mimi husoma hadithi isiyozidi dakika saba. Kwa wanaoanza kusoma wenyewe, sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa, herufi kubwa, na usiwajazie ng', mbw na ngw kwenye mstari mmoja. Isipokuwa kama ndiyo mchezo wenyewe: hadithi yenye ming'oko, ng'ombe na ng'ong'o moja ndani yake watoto waliisoma wakicheka hadi mate yakawatoka.

Kitu kikiongea, tuandike "jiwe likasema" au "jiwe akasema"?

Nilijua tutafika hapa. Kwa wanyama hakuna ubishi, wote wanaingia A-WA: kobe alikuja, kipepeo ameruka, hata akianza na ki-. Kesi ni vitu. Ukisoma vitabu utakuta yote mawili, na wahariri wawili watakupa majibu matatu.

Mimi nilipata jibu langu kwa mtoto wa miaka mitano. Alikuwa anatusimulia habari za feri ya Msangamkuu, nami nikawa naandika nyuma ya daftari neno kwa neno: "Feri ikaenda, ikaenda, ikachoka. Ikalala. Watu wakasema amka wewe! Akasema sitaki. Akasema leo Jumapili." Soma tena. Ilipokuwa inaenda na kuchoka ilikuwa "ika". Ilipofungua mdomo tu ikawa "aka". Hakuna aliyemfundisha.

Tangu hapo nafanya hivyo hivyo. Kitu kinakaa kwenye ngeli yake hadi kiseme au kipewe jina, kisha kinahamia A-WA na hakirudi. Kuhama kwenyewe kunakuwa sehemu ya ajabu. "Jiwe lilikuwa njiani. Lilikuwa kubwa. Lilikuwa limenyamaza. Kisha akapiga chafya." Msomee mtoto mstari huo taratibu, umtazame usoni kwenye lile "akapiga".

Ngeli zetu zina zawadi nyingine ambayo waandishi wanaisahau. Kubadilisha kiambishi tu kunabadilisha kimo cha dunia: nyoka akawa joka, joka likawa kijoka, nyumba ikawa jumba, jumba likawa kijumba, mtu akawa jitu, jitu likawa kijitu. Unaweza kuandika hadithi nzima ya mchawi anayeroga kwa kuongeza ji- na ki- mbele ya majina ya watu, na mtoto atajifunza sarufi bila kujua.

Mtoto wangu nyumbani anasikia Kimakonde kwa bibi. Nichanganye?

Weka maneno ya bibi pale ambapo bibi anaongea, na vitu vya huku viitwe kama vinavyoitwa huku. Mng'oko ni mng'oko. Usimwandikie mtoto wa Tandahimba "aina ya kiazi cha porini". Kinachonikera ni hadithi ambayo mtu mwerevu anaongea Kiswahili cha redio na mjinga peke yake ndiye anayepewa lafudhi ya kijijini. Watoto wanaliona hilo haraka kuliko unavyodhani.

Naweza kuweka vitu vya kutisha?

Weka. Mtoto akikataa kutishwa kabisa angekuwa anabaki ndani siku lipiko, yule mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago, linapotoka kwenye ngoma. Habaki. Anakimbia akipiga kelele, anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anahesabu kidogo, kisha anachungulia. Huo ndio mwendo wa kuandikia: tisha, mpe kanga ya kujificha, mruhusu achungulie. Kanga inaweza kuwa wimbo unaorudiwa, au rafiki aliye karibu, au kichekesho kidogo. Zimwi langu la mwisho lilikuwa na meno kama mapanga, lakini kila likitaka kumeza mtu linakumbuka halijapiga mswaki.

Onyo moja kwa wageni wa huku, na hata kwa vijana wetu: usiandike hadithi ya mtoto inayomvua lipiko kinyago. Kilicho nyuma ya kinyago kina watu wake na wakati wake wa kufundishwa. Buni zimwi lako mwenyewe.

Usiku wa kulala ni suala jingine. Hadithi ya kulalia iishe watu wakiwa nyumbani, mlango umefungwa, chungu kimefunikwa.

Mwishoni niandike fundisho?

Hapana.

Najua shuleni tumezoea "hadithi hii inatufundisha kwamba". Mwalimu aulize akitaka, hiyo ni kazi yake. Lakini ukimwandikia mtoto kwamba uchoyo ni mbaya baada ya Fisi kupasuka msamba kwa kutaka njia mbili, umemwambia hakuona alichokiona.

Ngano za bibi yangu naruhusiwa kuziandika?

Ngano ni mali ya jamii, si yako wala si yangu, kwa hiyo usiandike "mtunzi" mbele ya jina lako. Andika "imesimuliwa na", umtaje bibi, umtaje na mtaa au kijiji kama mwenyewe ameridhia. Na ukiweza, mrekodi kwa simu kabla hujagusa kalamu. Bibi akisimulia, Sungura akianguka majini ni "chubwi!", mchangani ni "tifu!". Waandishi wanaviita tanakali na kuvipunguza ili karatasi ipendeze. Rudisha vyote. Hadithi ya mtoto husikika kabla haijasomwa.

Sijui kuchora. Nifanye nini?

Tafuta anayejua, umlipe. Huku kuna wachonga vinyago na wachora mabango ya maduka wenye mkono mzuri kuliko picha za kuokota mtandaoni. Usimwandikie mchoraji kila kitu: kama picha itaonyesha kofia nyekundu, maandishi hayana haja ya kuitaja. Acha kuwe na kitu ambacho picha inakijua na maneno hayakijui. Kwenye kitabu cha pweza, mchoraji aliweka paka kila ukurasa bila kuniambia. Watoto sasa hawaulizi habari za pweza, wanamtafuta paka.

Na hesabu kurasa kabla hujaandika. Kitabu cha kubana pini katikati kinakwenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ndiyo maana vitabu vya picha vina kurasa 16, 24 au 32. Mimi cha kwanza nilikiandika kurasa 18. Mchapaji hakuniambia kitu, akachapa, vikarudi na kurasa mbili nyeupe mwishoni. Mtoto mmoja alizigeuza, akazigeuza tena, akaniuliza kwa huruma kabisa kama wino mweupe ndio ulikuwa wa bei rahisi.

Kuchapisha na kulinda kazi yangu kunakwendaje?

Kwa kifupi: ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki yako inaanza unapoandika, lakini kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakusaidia siku ya ugomvi. Ukitaka kitabu kitumike rasmi shuleni kinahitaji ithibati ya Kamishna wa Elimu, na hilo lina taratibu na subira yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imefungua mlango kwa hadithi za watoto pia, kwa hiyo fuatilia matangazo yao. Kama hutaki pesa bali wasomaji, maktaba ya mtandaoni ya African Storybook inapokea hadithi za Kiswahili na kila mtu anazisoma na kuzichapa bure.

Nitajuaje kama imekolea?

Usiwaulize watoto "mmeipenda?" Watakujibu ndiyo kwa adabu. Tazama miili yao. Wakianza kung'oa nyuzi za mkeka, weka alama kwenye ukurasa huo. Pale ndipo pa kukata, hata kama ndipo ulipoandika vizuri kuliko pote. Nilikuwa na aya moja ya machweo ya jua juu ya ghuba ya Mikindani, niliipenda kama mwanangu. Ilikatwa na mtoto aliyepiga mwayo. Wakianza kukusahihisha ukikosea neno, au kusema mstari kabla yako, iache hadithi hiyo kama ilivyo.

Naweza kuja kusoma yangu?

Karibu, Jumamosi yoyote isipokuwa mvua ikinyesha. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho unapochanganya tunakuwa wachache, watoto wako mashambani na wazazi wao kuokota, lakini wanaobaki ni wasikilizaji wakali. Njoo na nakala yako kwenye karatasi, si kwenye simu, kwa sababu watoto watataka kuona simu. Usianze kwa kueleza hadithi inahusu nini wala uliipataje. Kaa mkekani, vua viatu, uite "Hadithi! Hadithi!", na usubiri wakuitikie.